Tiba Kati ya Watu Wasiojuana

Tabora ilikua kwa sababu watu wasiojuana walihitaji mahali pa kukutana. Richard Burton na John Speke walipofika Unyanyembe Novemba 1857 na kukaribishwa Kaze na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, walikuta kituo kikubwa cha misafara. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi, Mswahili wa Mrima na Mwarabu wa Oman walifanya biashara ingawa hawakuwa na ukoo mmoja, dini moja wala hakimu mmoja. Kilichowawezesha ni vipimo. Pembe ya ndovu ilipimwa kwa frasila, uzito unaokaribia kilo 16. Kitambaa kilihesabiwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikawa doti. Ushanga ulichambuliwa kwa aina na rangi kabla ya safari kuanza, maana uliopendwa nchi moja ungeweza kukataliwa nchi ya pili. Kanyenye, ambayo leo ni kata ya mji wa Tabora, imerithi ulimwengu huo. Hoja yangu katika historia hii ni kwamba tiba nayo, ikishatoka mikononi mwa ndugu na majirani ikaingia kwa watu wasiojuana, inahitaji vipimo vyake. Historia ya kuweka viwango vya tiba ya Kichina, hasa ile ya kuchoma sindano iitwayo akupancha, inatufundisha namna ya kuvitafuta vipimo hivyo kwa tiba zetu wenyewe.

Misafara ilibeba dawa pia. Watu wa pwani walikuja na kombe, na ufundi wa kuumika damu kwa pembe, na elimu ya utabibu iliyovuka bahari kutoka Uarabuni na India. Unyamwezini walikuta bafumu, waganga waliojua mizizi na magome ya miombo na waliotafuta chanzo cha ugonjwa hata nje ya mwili wa mgonjwa. Si kweli kwamba ujuzi huu haukuwa na utaratibu. Bayeye, chama cha watu wa nyoka katika Unyamwezi na Usukuma, walikuwa na jando lao: mwanachama aliingizwa kwa hatua, akafundishwa dawa za sumu, na hakuruhusiwa kushika nyoka mkali kabla waliomtangulia hawajaridhika naye. Hicho ni kiwango cha mafunzo kwa maana kamili ya neno, na adhabu ya kukivunja ilikuwa kifo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kilifanya kazi ndani ya watu waliokijua. Mgonjwa wa Unyamwezi alijua mganga wake alifundishwa na nani, nani alipona na nani alizikwa. Mpagazi aliyeugua njiani, siku nyingi kutoka kwao, hakuwa na njia ya kujua hayo. Alimwamini aliyekuwapo.

Mfano wa namna nyingine ya tiba ulipita njia hiyohiyo. David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi ambao Henry Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Miaka mitano kabla yake watoro wa msafara wake walikuwa wameondoka na kasha lake la dawa, na yeye mwenyewe aliona kwamba hukumu ya kifo imekwisha kutolewa. Vidonge vyake vya homa vilikuwa mchanganyiko wa kwinini, jalapa, rubabu na kalomeli, na aliandika kanuni yake ili wengine waweze kuutengeneza. Tukiupima kwa elimu ya leo, mchanganyiko huo ulikuwa na kitu chema na kitu kibaya pamoja: kwinini iliua vimelea vya malaria, lakini kalomeli ni chumvi ya zebaki, yaani sumu. Lakini kwa kuwa kila kiungo kilitajwa kwa jina, waliokuja baadaye waliweza kuvitenganisha, wakabaki na kwinini na kuitupa kalomeli. Kuandika dawa hakuifanyi kuwa sahihi. Faida yake ni kwamba kosa lake linaweza kuonekana na kurekebishwa na mtu ambaye hakumfahamu mwandishi kamwe. Siri haina faida hiyo, hata siri ikiwa na dawa bora zaidi ndani yake.

Utawala wa kikoloni haukutafuta kipimo cha namna hiyo kwa tiba ya Waafrika. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Wajerumani walimwona mganga kama mchochezi, na Waingereza waliowafuata walitunga sheria ya uchawi, iliyopewa sura yake ya kudumu mwaka 1928. Chini yake serikali ilimtazama mganga kama mtuhumiwa kabla ya kumwona kama mtaalamu. Tanzania huru ilijaribu kulegeza. Sheria ya madaktari ya 1968 iliruhusu tiba za asili kwa mtu ambaye jamii yake inamtambua kuwa amefunzwa, kwa sharti kwamba atibu ndani ya jamii hiyohiyo. Nia ilikuwa njema, na msingi wake ulikuwa wa kweli kwa kijiji cha zamani. Lakini sharti hilo lingetumika vipi Tabora? Mji huu ulichanganya makabila tangu karne ya 19, na reli ya kati ilipofika mwaka 1912 mchanganyiko huo ukaongezeka. Jirani wa mgonjwa wa Kanyenye angeweza kuwa Mmanyema, Mnyamwezi, Mhaya au Mwarabu. Sheria iliyomfunga mganga kwenye jamii yake haikumpa mgonjwa wa mjini ulinzi wowote, kwa sababu jamii ya mgonjwa na jamii ya mganga hazikuwa moja. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Dawa Asilia. Hapo ndipo kazi ya kupima ilianza kwa dhati.

Wakati huohuo tiba nyingine ngeni ilikuwa inaingia. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka Shandong. Tabora ikawa mojawapo ya vituo vyao. Walileta upasuaji na dawa za hospitali, na pia walileta sindano nyembamba za akupancha. Kwa mtu wa Tabora tiba hii inaweza kuonekana kama kitu kilichokamilika tangu kale, kisichobadilika. Ukweli ni kwamba Wachina wenyewe walihangaika kwa karne nyingi kuipatia kipimo. Mwaka 1027, enzi ya nasaba ya Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba za mwili wa binadamu zenye vitobo katika sehemu za kuchoma. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta kwa nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi alichoma pale alipoamini kitobo kipo; maji yakitoka, amefaulu. Mwaka 1822 mfalme wa Qing aliiondoa akupancha katika chuo cha matabibu wa ikulu, na mwaka 1929 wapo waliopendekeza kwa serikali ya China kwamba tiba ya jadi yote ifutwe. Vyuo vinne vya kwanza vya serikali vya tiba ya Kichina vilifunguliwa mwaka 1956, na vitabu vya kiada vikaandikwa ili mwanafunzi wa Chengdu na wa Beijing wafundishwe jambo moja.

Hata baada ya hapo mabishano hayakwisha. Shirika la Afya Duniani lilipowakutanisha wataalamu wa China, Japani na Korea kuanzia 2003, ilibainika kwamba kati ya sehemu 361 za kuchoma, 92 ziliwekwa mahali tofauti kulingana na nchi. Ilichukua mikutano 11 kupatana, na sehemu 6 zilibaki bila makubaliano kamili. Kitabu cha viwango kikatoka mwaka 2008. Jambo la kutazama kwa karibu ni kipimo kinachotumika ndani yake. Umbali haupimwi kwa sentimita. Unapimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa dole gumba lake ni kipimo kimoja, na upana wa vidole vyake vinne vikikaa pamoja ni vipimo vitatu. Sehemu moja mashuhuri iko vipimo vitatu chini ya goti, pembeni kidogo ya mfupa wa muundi, basi tabibu huweka vidole vinne chini ya goti na kutafuta hapo. Kwa mtoto umbali utakuwa mfupi, kwa mtu mrefu utakuwa mrefu, na kwa wote utakuwa sahihi. Aliyepima kitambaa kwa mkono katika soko la Unyanyembe angefahamu ubora wa mpango huu mara moja, kwani ugomvi wa kale wa mkono wa nani utumike umekwisha: ni wa yule anayetibiwa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na ni pingamizi zito. Waganga wengi, wa Kichina na wa kwetu, husema kila mgonjwa ni wa pekee, kwa hiyo mwongozo ulioandikwa utaua tiba. Watu wawili wenye maumivu ya kichwa huenda wakahitaji dawa mbili. Ni kweli, na kipimo cha dole gumba kinaonyesha kwamba kanuni moja inaweza kuheshimu miili tofauti. Mwongozo mzuri haumwamrishi tabibu awaone watu wote kuwa sawa. Unamwambia mambo ambayo hayatakiwi kutofautiana: sindano iwe safi, isichomwe kwa kina kifuani mahali mapafu yalipo karibu, mgonjwa mwenye dalili za hatari apelekwe hospitali, na anayechoma awe amefunzwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ulipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa mtu asiye daktari anayetaka kufanya kazi hii kikamilifu, na angalau saa 200 kwa daktari anayetaka kuitumia kwa mambo machache. Baada ya kuweka mipaka hiyo, nafasi ya hekima ya mtabibu inabaki kubwa.

Suala la sindano safi si dogo katika nchi yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo wembe mmoja wa kuchanja chale watu wengi haukuwa tena jambo la mila pekee. Uligeuka njia ya kifo. Hali ni ileile kwa pembe ya kuumikia na sindano ya Kichina. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa mwaka 2014 kiwango cha sindano za akupancha zilizotakaswa, za kutumika mara moja na kutupwa. Kiwango hiki hakidai kwamba sindano inaponya. Kinadai kwamba isiue, na dai hilo halihitaji kusubiri mjadala wa falsafa ya tiba. Mganga wa Kanyenye anayechanja kwa wembe mpya kwa kila mgonjwa ameshatimiza sehemu muhimu ya kiwango cha dunia bila kuacha hata chembe ya jadi yake.

Swali la kama tiba inaponya ni gumu zaidi, na hapa historia yetu na ya Kichina zimefungamana. Mwaka 1979 kikao kilichofanyika Beijing chini ya Shirika la Afya Duniani kilitoa orodha ya magonjwa 43 ambayo akupancha inaweza kuyafaa. Orodha ile ilitokana na uzoefu wa matabibu, si majaribio ya kulinganisha, lakini jina la Shirika liliipa uzito ambao ushahidi wake haukuubeba. Mwaka 1987 Tanzania na China zilikubaliana kuwatibu watu wenye VVU kwa dawa za Kichina pale Muhimbili. Ilikuwa kazi ya huruma, kipindi ambacho hospitali hazikuwa na dawa ya kurefusha maisha. Lakini simulizi za nafuu hazitoshi kujenga mwongozo wa taifa. Dawa za kurefusha maisha, yaani ARV, zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, zilikuja na majaribio ya kulinganisha, kipimo cha dozi na ratiba ya kumfuatilia mgonjwa. Ndiyo maana mgonjwa wa Tabora na wa Mtwara walipewa dawa zilezile kwa utaratibu uleule. Tunajua nini kinatokea utaratibu huo ukiachwa: mwaka 2011, maelfu walipofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, wapo walioacha ARV zao wakiamini wamepona.

Kuna upande wa pili wa historia hii, na ndio unaonifanya niamini kwamba kipimo si adui wa tiba ya jadi. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou alipekua vitabu vya kale na kukuta katika maandishi ya Ge Hong, ya karne ya 4, maelekezo ya kuloweka mmea wa qinghao kwenye maji na kukamua utomvu wake. Maandishi hayakutaja kuuchemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio uliokuwa unaharibu dawa, akatumia etha kwenye joto dogo, na mwaka 1971 dondoo lake likaangamiza vimelea vyote kwa panya wa majaribio. Kutoka hapo ikatoka artemisinini, na Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu, iliyojengwa juu yake, mwishoni mwa 2006. Karibu kila mzazi wa Kanyenye amewahi kumpa mtoto vidonge hivyo vya manjano. Hii ni tiba ya jadi ya Kichina iliyofika kila zahanati ya Tanzania, na ilifika kwa sababu ilipimwa. Mmea uleule ukichemshwa kama chai hauna uhakika: Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kiasi cha dawa katika majani hubadilika, dozi inaweza kuwa pungufu, na vimelea vikazoea dawa. Elimu ya kale ilionyesha njia, na kipimo kikaokoa watoto.

Wapo watakaosema nimechagua mfano wa ushindi tu. Basi tuchukue mfano usiopendeza. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo. Kati ya waliochomwa sindano sehemu sahihi, asilimia 47.6 walipata nafuu. Kati ya waliochomwa juujuu katika sehemu zisizo sahihi, asilimia 44.2. Kati ya waliopewa tiba ya kawaida, asilimia 27.4. Kwa anayeamini kila kitobo kina nguvu yake, matokeo haya yanauma. Kwa anayesema akupancha ni bure kabisa, yanauma pia. Taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba iliipendekeza akupancha kwa maumivu ya mgongo mwaka 2009, ikaiondoa 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu ya aina fulani. Mwongozo unaobadilika hivyo haujashindwa. Umekubali kusahihishwa, kama kanuni ya Livingstone ilivyosahihishwa, na mgonjwa anafaidika kila unapokubali.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye kumbukumbu chungu zaidi Tabora. Viwango, wanasema waganga, ni rungu la serikali. Mwezi Januari 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi. Uovu uliosababisha hatua hiyo ulikuwa mkubwa mno, na hakuna hoja ya utamaduni inayoweza kuutetea. Lakini marufuku ya jumla iliwaweka kundi moja mpiga ramli aliyechochea kuua na mama anayetibu tumbo la mtoto kwa gome la mti. Iliwezekana kwa sababu wakati huo tofauti kati yao haikuwa imeandikwa vya kutosha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilikuwa imeshaunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao, na ilitambua pia tiba mbadala kama za Kichina, lakini usajili ulikuwa bado haujawafikia wengi. Mganga mwema anahitaji usajili kuliko serikali inavyouhitaji, maana bila huo jina lake linategemea tabia ya mwovu anayejiita kwa cheo kilekile. Lakini ili usajili huo uwe wa haki, lazima waganga nao wawe mezani wakati viwango vinaandikwa, na mali ya ujuzi wao ilindwe. Mabishano ya sehemu 92 yaliamuliwa na watu wanaoshika sindano, na yetu nayo yaamuliwe na wanaoujua mti.

Kuujua mti ndiyo kazi ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wapatao mia moja nchini Ubelgiji waliharibiwa figo na vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu mimea miwili ya Kichina yenye majina yanayofanana ilichanganywa, na mmoja ulikuwa na sumu. Katika misitu ya Tabora mti unaojulikana kwa wengi kama mlundalunda unatumika kwa homa na tumbo, na kwingine nchini mti huohuo unaitwa mmulimuli. Jina moja pia linaweza kubeba miti miwili kutoka wilaya moja hadi nyingine. Mwongozo wa kwanza wa tiba asili wa mkoa huu usianze na madai ya kuponya. Uanze na sampuli ya mti iliyokaushwa na kuhifadhiwa, jina lake la kisayansi na majina yake yote ya wenyeji, sehemu inayotumika, kiasi kwa mtu mzima na mtoto, wasiopaswa kuitumia kama wajawazito, vyombo vinavyotakiwa kutakaswa, dalili zinazomlazimu mganga kumpeleka mgonjwa hospitali, na daftari la matokeo ambamo waliopona na wasiopona wote wanaandikwa. Madai ya kuponya yafuate baada ya daftari hilo kusomwa na majaribio kufanyika. Wafanyabiashara wa Unyanyembe waliweza kuaminiana kwa sababu mizani haikuuliza mtu anatoka wapi. Mgonjwa wa Kanyenye leo, akiingia kwa mganga wa kabila lolote au kliniki ya Kichina, anastahili ulinzi uleule, na ni wajibu wa Baraza, waganga na madaktari kuuandika kwa pamoja.